Shamba Lililomponza Asheri

Chome, Upare
19 Septemba 1948

Kaka yangu Simeoni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetoka kazini salama, umeshakula na unapumua vizuri, maana Mama anashikilia kwamba hewa ya Tanga ni nzito na watu wa huko hukohoa mwaka mzima. Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua baridi ikizidi, lakini kanisani hakosi. Ile kanga uliyomletea amekataa kuivaa siku za kazi. Anaivaa Jumapili tu, tena siku hizo hukaa mbele kabisa ili wenzake waione vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mimi bado nafundisha watoto wa darasa la kwanza, na kabla hujauliza, hapana, mchumba hajatokea. Wawili walipita, lakini hao hata wewe ungewafukuza.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika. Niliisoma peke yangu kwanza, kisha Mama akataka nimsomee, nikamsomea nusu. Nusu ile nyingine niliimeza. Leo naijibu hiyo niliyoimeza, kwa hiyo nakuomba ukae chini na usiwe na haraka ya kukunja uso.

Uliandika kwamba umesikia kwa wasafiri wa treni kuwa ndugu yetu Asheri anaomba serikali pensheni, ile wanayopewa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, walioumia vitani na hawawezi tena kazi. Na papo hapo wasafiri walewale wanakusifia shamba lake, kwamba Chome yote halipo linalolifikia. Ukauliza mtu mwenye shamba la namna hiyo anaombaje fedha za wasiojiweza. Ukasema anatutia aibu, na kwamba bila shaka mkewe ndiye anayemsukuma, yule mwanamke wa Kihurio ambaye mpaka leo hajampa hata mtoto mmoja. Kaka, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu. Lakini mambo sivyo yalivyo, na mimi nimeyaona kwa macho yangu.

Unakumbuka Asheri alivyorudi kutoka Burma. Sote tulikwenda kumpokea, na akaja anatembea wima, kifua mbele, mzima wa mikono na miguu, Mama akamshukuru Mungu mpaka sauti ikamkauka. Alisema kuna kipande kidogo cha chuma cha bomu kimebaki mgongoni, akasema kimelala na hakimsumbui. Sisi tukaamini, kwa sababu tulitaka kuamini. Akaoa, akajenga kule ng'ambo ya bonde karibu na msitu wa Shengena, na mwaka uleule shamba lake likaanza kusifiwa. Matuta ya mawe yamenyooka, mifereji haina jani, maharage yamekaa kwa mstari kama watoto wa shule. Na siku za msaragambo, pembe inapolia na kila mwanamume anatoka na jembe kusafisha mfereji wa kijiji, Asheri ndiye akawa mpiga pembe. Alijifunza tarumbeta jeshini, pumzi anazo. Akawa anasimama juu ya ukingo wa ndiva, lile bwawa letu la maji, anapiga pembe na kuongoza nyimbo, na wenzake chini wanachimba. Hakuna aliyejiuliza mbona yeye hainami.

Mwaka jana ndipo akashuka Same kuomba pensheni. Alituambia ni fedha za askari waliojeruhiwa, basi, hakuongeza neno. Na sisi tukaelewa kwa akili zetu za Chome. Wewe unajua, huku mtu mvivu akiangukiwa na nyumba hakuna anayemkumbuka, lakini mtu wa kazi, asiyekosa msaragambo hata mara moja, akipatwa na shida pembe inalia na watu wote wanakwenda kumjengea. Msaada unamfuata mwenye sifa njema. Kwa hiyo sote tulijua, bila hata kuulizana, kwamba serikali nayo inatafuta askari mwenye sifa ili imtunze.

Madaktari wa serikali walimpima, wakaona chuma kipo. Lakini wakasema chuma peke yake hakitoshi. Lazima atumwe mtu apande mpaka nyumbani kwake aone anavyoishi, awaulize na majirani kama kweli hawezi kazi. Asheri aliporudi na habari hiyo alikuwa kimya sana. Sasa ndiyo najua kilichomnyamazisha. Alitaka awe kilema huko Same na mwanamume huku Chome, na sasa Same ilikuwa inakuja Chome.

Tarishi wa Mangi alipoleta taarifa kwamba mzungu wa serikali atakuja kuangalia shamba la Asheri, kijiji kilipata wazimu. Mzee Melkizedeki, ambaye bado ndiye mkuu wa ndiva na bado hasikii neno la mtu, aliamuru msaragambo. Watu walewale waliokaa Same miezi wakigomea kodi ya mbiru, waliokuwa wakificha hata kuku mzungu akipita, safari hii walikwenda kumpamba mtu shamba. Njia ilifagiliwa. Matuta yaliongezewa mawe. Tumainieli, jirani yake Asheri, alileta migomba yenye mikungu akaipandikiza karibu na nyumba, ikasimama siku mbili kabla ya kunyauka. Mama alitoa koti la jeshi sandukuni, na mimi nikakaa nusu siku nasugua vifungo kwa majivu mpaka vikawaka. Sote tulikuwa na furaha kama ya harusi. Asheri alijaribu kusema kitu, Mzee Melkizedeki akamwambia anyamaze, mambo ya sifa husemewa mtu, hajisemei mwenyewe.

Mzungu alikuja na karani wake, kijana mpole, jasho limemlowesha kwa kupanda mlima. Akaonyeshwa shamba. Akauliza ni la nani, tukaitikia kwa pamoja kwamba ni la Asheri. Akauliza kama Asheri ni mtu wa kufanya kazi. Kaka, ungesikia! Mzee Melkizedeki alisema tangu Asheri arudi vitani jua halijawahi kumkuta kitandani. Tumainieli alisema yeye hujidai kuamka mapema, lakini kila ukungu unapopanda anamkuta Asheri ameshasimama katikati ya shamba, jembe mkononi, na kipande kikubwa kimekwisha limwa. Mama alipoulizwa alijifunga kanga vizuri akasema hakuzaa mtoto mvivu. Asheri alikuwa amesimama wima na koti lake, vifungo vinawaka, anatazama milima. Mzungu akamshika mkono, akampongeza, akasema kupitia karani kwamba amefurahi kuona askari aliyepona vizuri namna hii.

Tukapiga makofi. Naona aibu kuliandika, lakini tulipiga makofi, tukamkaribisha mzungu makande, akala. Mtu mmoja tu hakupiga makofi, naye ni Justa, mke wa Asheri. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia mkononi. Nilimwona akigeuka kuingia ndani, nikasema moyoni kwamba watu wa tambarare hawana furaha.

Jibu lilipokuja kwamba pensheni imekataliwa kwa kuwa mwombaji anaweza kazi, tena vizuri sana, Mzee Melkizedeki alikasirika siku nzima. Alizunguka anauliza watu kama kuna aliyemsema Asheri vibaya. Kila mtu aliapa kwamba alimsifu. Hata mimi mwalimu, kaka, ninayejidai kusoma, sikuelewa. Tulikaa tunailaumu serikali kwa ukosefu wa shukrani.

Wiki iliyofuata Mama alinituma kwa Asheri asubuhi nikachukue ungo wake. Unajua ukungu wa upande ule wa msitu. Mpaka jua lipande hujui kama kilicho mbele yako ni mtu au mgomba. Nilipokaribia shamba nikasikia jembe likigonga mawe, nikafurahi kwamba ndugu yangu yuko kazini. Nikasogea. Asheri alikuwa amekaa juu ya jiwe, jembe amelilaza magotini, anaelekeza, kushoto kidogo, hapo, sasa chini. Aliyekuwa anachimba ni Justa. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mwanamume, anang'oa jiwe ambalo Tumainieli angemwita mtu amsaidie, analibeba kifuani, analiweka kwenye tuta, anarudi. Sikuweza kupiga hodi. Nilisimama palepale mpaka ukungu ulipoanza kufunguka, nikamwona Justa akifuta udongo miguuni mwake na kuingia jikoni, na Asheri akijiinua polepole, akajipaka tope kwenye miguu, akasimama katikati ya shamba na jembe lake. Kutoka ng'ambo Tumainieli akampigia kelele za salamu, akamsifu kwa kazi ya asubuhi.

Nilimfuata Justa jikoni. Aliponiona uso alijua nimeona. Hakulia wala hakujitetea. Alinipa kiti, akanieleza huku anachochea moto. Asheri akisimama ni mzima, lakini akiinama na kushika uzito wowote miguu inamfia, na mara nyingine hukaa saa nzima chini ndipo hisia zirudi. Walipooana tu Justa aligundua. Asheri alimwambia anaweza kurudi kwao Kihurio bila lawama. Yeye akamjibu kwamba wazazi wake walimfundisha kulima kwenye maji ya mpunga mpaka magotini, udongo wa milimani hautamshinda. Ukungu wa Chome ukawa mlango wao. Miaka miwili, kaka, matuta yale yote tunayoyasifu, mifereji ile, mawe yale, ni mikono ya yule mwanamke tuliyekuwa tunamcheka kwamba anapanda mlima kama bata. Nilimwomba anionyeshe viganja. Sitakueleza vilivyo, lakini tangu siku ile nikimsalimia naona haya kumpa mkono wangu laini wa chaki.

Nilimwambia lazima watu waambiwe. Akakataa kabisa. Alisema pensheni anaitaka, maana angeajiri kibarua, lakini jina la mumewe analitaka zaidi, na kama bei ya pensheni ni kumwona Asheri akihesabiwa pamoja na wazee wasio na jembe, basi yeye ataendelea kuchimba. Kaka, nimesoma habari za watu wengi wenye moyo, lakini huyu nimekaa naye jikoni.

Aliyekata shauri ni Asheri mwenyewe. Kilichomfanya akate shauri nimekiweka mwisho wa barua, subiri. Siku ya msaragambo wa mwezi wa nane alipiga pembe kama kawaida yake. Watu wote wakaja, wanaume na majembe, wanawake na vibuyu vya uji. Kisha badala ya kupanda ukingoni, akampa Mzee Melkizedeki ile pembe, akavua koti, akachukua jembe la mtu na kushuka kwenye mfereji. Akainama. Akapiga jembe mara moja, akalivuta lile tope, na miguu ikamfia. Alianguka kifudifudi kwenye maji mbele ya kijiji kizima. Tumainieli alikimbia kumwinua, yeye akamzuia, akasema wamwache palepale wamwangalie vizuri, maana hivyo ndivyo alivyo tangu Burma.

Akazungumza akiwa amelala vile, shavu limejaa tope. Alisema shamba tunalolisifu halijawahi kuguswa na jembe lake. Alisema kila tulichomwambia yule mzungu kilikuwa kweli, ila tulikosea jina la mtu. Mwenye kuamka kabla ya jua ni Justa. Aliyejenga matuta ni Justa. Yeye Asheri hawezi kazi, na anaomba wenzake wamsaidie kulisema hilo kama walivyomsaidia kumsifu. Mimi nimemwona ndugu yetu siku aliyorudi na nishani kifuani, na nakwambia siku ile hakuwa mrefu kama alivyokuwa akilala pale chini.

Justa, nadhani kwa mazoea tu, alishuka mferejini akataka kuliokota jembe amalizie kipande cha mumewe. Mzee Melkizedeki alimtangulia akalishika mpini. Mzee yule, ambaye hajawahi kumruhusu mwanamke hata kukanyaga ukingo wa ndiva, alimwambia kwa sauti ndogo kwamba basi, mama, leo ukae. Akalichukua jembe akachimba kile kipande mwenyewe, na umri wake ule, na hakuna aliyethubutu kumpokea.

Kesho yake Mzee alishuka Same kwa miguu na Tumainieli. Alimwambia yule mzungu kwamba Wapare wa Chome hawakusema uongo, waliulizwa swali la serikali wakajibu la nyumbani, na anaomba waulizwe tena. Mzungu akapanda mlima kwa mara ya pili, safari hii asubuhi, ukungu haujapanda. Akaona mwenyewe ni nani anayelima na ni nani asiyeweza. Alipomaliza alimgeukia Mama. Nilimshika Mama mkono. Unajua Mama yetu na fahari yake. Alijifunga kanga vizuri kama ile mara ya kwanza, akasema mwanangu hawezi kazi. Alilisema kwa Kiswahili na akalirudia kwa Chasu, Kipare chetu, kama mtu anayejisikiliza. Kisha akasema mkwe wangu ndiye aliyelima, andika hilo pia. Karani akasema hilo halina mahali pa kuandikwa, na Mama akamwambia atafute mahali. Mzungu mwenyewe akaandika.

Pensheni imekubaliwa. Barua ilikuja wiki mbili zilizopita. Asheri amemchukua kibarua, kijana mwenye nguvu kutoka Gonja.

Sasa lile nililoliweka mwisho, ambalo Justa amenipa ruhusa nikuandikie, kwa sababu nilimwambia ulichosema. Uliandika kwamba hajampa ndugu yetu mtoto. Kaka, alimbeba. Masika ya mwaka jana alikuwa na mimba ya miezi mitano, na hakumwambia mtu kwa sababu angekatazwa mawe. Tuta la juu kabisa, lile la karibu na msitu, ambalo wasafiri wako wanalisifu kuliko yote, ndilo lililoitoa mimba hiyo. Alikuwa mtoto wa kiume. Wao wawili walimzika pale pale kwenye ukingo wa tuta, na asubuhi iliyofuata ukungu uliposhuka Justa akarudi kazini, ili Tumainieli asione pengo. Mwaka huu mwezi wa saba alimwambia Asheri kwamba ana mimba tena. Ndiyo maana Asheri alishuka mferejini. Alisema jina lake amelifuga vya kutosha, na halitakula mtoto wa pili.

Sikulaumu. Ulisema usilolijua, na sisi tuliokuwa hapa hatukujua zaidi yako. Lakini nakuomba umwandikie wifi yako kwa mkono wako, na barua hiyo usiipitishe kwangu. Mama nimemwambia yote, na siku hizi kila asubuhi anapanda ng'ambo ile na magoti yake kumpelekea Justa maziwa ya yule ng'ombe mwekundu, na hataki mtu mwingine ayapeleke.

Jambo moja tu, kisha nakuacha upumzike. Unajua asubuhi ndiva inapofunguliwa mkuu husimama juu na kutaja zamu ya maji, jina la mwanamume mmoja mmoja, tangu enzi za babu zetu. Juzi nilikuwapo, nimepeleka watoto wa shule kuchota. Mzee Melkizedeki alitaja wa kwanza, akataja wa pili, akafika zamu ya Asheri, akakohoa. Kisha akaita kwa sauti yake yote: maji ya Justa. Watu wakatazamana. Justa hakuwapo, amekatazwa kutoka mapema. Asheri akaipokea pembe, akageuka upande wa msitu, akapiga ndefu moja ivuke bonde. Ukungu ulikuwa mzito, nyumba haionekani. Tulingoja. Halafu kutoka ndani ya ule weupe tukamsikia Justa akiitikia.

Mama anakusalimu na anasema uvae kitu kizito kifuani. Asheri anakusalimu na hana neno na wewe. Nisalimie wenzako wa reli, hasa yule uliyesema ni mstaarabu na bado hajaoa, lakini usimwambie ni mimi niliyesema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Eliwaza